Daktari anayerudi: tathmini ya huduma ya kumtunza mbwa mzazi nyumbani, Mombasa

Mjini Mombasa si vigumu kumpata mtu wa kumzalisha mbwa. Ukipiga simu usiku, iwe uko Nyali, Tudor au Mikindani, atatokea daktari wa mifugo au msaidizi wake, atakaa nawe hadi kilebu wa mwisho atoke, atalipwa na ataenda zake. Anayekosekana ni mtu wa kurudi. Wiki zinazofuata, ambazo kwa mama aliyezaa bila shida ndizo zenye hatari kubwa zaidi, huachiwa mwenye nyumba na mlinzi wa lango, na wote wawili hudhani kwamba mbwa aliyekwisha kuzaa salama amekwisha kuvuka. Kwa sababu hiyo nimeona niandike kwa kirefu kuhusu kliniki moja ndogo ya mifugo iliyoko Bamburi, kando ya barabara ya kwenda Malindi, ambayo hutoa ziara za nyumbani kwa mbwa mzazi kama huduma inayojitegemea, mbali na ile ya kuzalisha. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nitaeleza mema yake pamoja na kasoro zake, na nia yangu hasa ni kumwezesha msomaji kuipima huduma ya namna hii popote atakapoipata.

Huduma yenyewe ni ziara nne: ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaa, ya pili mwisho wa wiki ya kwanza, ya tatu mwisho wa wiki ya tatu, na ya mwisho katika wiki ya sita, wakati vilebu wanapomalizia kuachishwa ziwa. Sisi tulilipa KSh 8,000 kwa ziara zote, nusu mwanzoni na nusu baada ya ziara ya tatu, huku dawa zikitozwa kando. Bei hiyo ni kwa nyumba za upande wa Nyali, Kongowea, Bamburi na Shanzu. Anayeishi ng'ambo ya Likoni huongezewa gharama ya safari, jambo ambalo naliona la haki, kwa sababu anayeijua foleni ya feri anajua kwamba daktari anaweza kupoteza asubuhi nzima njiani. Mbwa wetu, Lulu, ni Spitz mweupe mdogo, na alizaa vilebu sita. Umbo lake dogo na wingi wa watoto wake ni mambo mawili ambayo daktari aliyaandika juu kabisa ya kadi yake, na sababu nitaieleza baadaye.

Ziara ya kwanza ndiyo iliyonihakikishia kwamba pesa zetu zilikuwa mahali pazuri. Daktari hakukimbilia vilebu, ingawa ndio ambao kila mgeni hutaka kuwaona. Alichutama mlangoni mwa chumba, akamwacha Lulu amnuse mkono, kisha akamwomba dada anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye mbwa amemzoea kuliko sisi sote, amshike kichwa. Akaanza kwa mama. Alimpima joto, akatuonyesha namna ya kuitia kipimajoto mafuta kidogo na kuishikilia bila kumuumiza, akatueleza kwamba mbwa mzima huwa na joto la mwili la kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, na kwamba mzazi anaweza kupanda kidogo juu ya hapo katika siku za mwanzo pasipo kuwa mgonjwa. Likipita 39.5, na hasa akiwa amesusa chakula, tusingoje kupambazuke.

Baadaye alivaa glavu, akachukua kipande cha pamba nyeupe, akapangusa majimaji yaliyokuwa yakitoka ukeni, na akatuonyesha ile pamba kwenye mwanga wa dirisha. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyokolea ikikaribia weusi, rangi inayomtia hofu mtu ambaye hajaiona kabla. Alisema kwamba kijani hicho hutokana na kondo la nyuma na ni cha kawaida kwa mbwa aliyetoka kuzaa. Kuanzia hapo majimaji hugeuka mekundu yenye ukahawia na kupungua siku hadi siku, na yanaweza kuendelea kwa wiki 3 hadi 6. La kuogopwa ni harufu ya kuoza, usaha, au damu nyekundu inayotiririka, na zaidi iwapo mbwa amenyong'onyea na hawataki watoto wake, kwa sababu hizo ni dalili za ugonjwa wa mji wa mimba ambao humuua mama kwa haraka na kuwaacha watoto bila maziwa. Alituachia fungu la pamba na kutuagiza tuangalie kila asubuhi kwa namna ile ile, jambo ambalo dada alilishika vizuri kuliko mimi.

Alilibonyeza tumbo la Lulu taratibu kwa vidole vya mikono miwili ili kuhakikisha kwamba hakuna kilebu aliyebaki, akatuuliza kama tuliyahesabu makondo, kwa kuwa kila kilebu huja na lake na aghalabu mama huyala kabla mtu hajayaona. Hakumdunga sindano ya kusafisha. Wapo wanaozalisha mbwa ambao humdunga kila mzazi homoni ya oksitosini baada ya kilebu wa mwisho, awe anaihitaji au haihitaji, kisha wakaiongeza kwenye hesabu. Huyu alieleza kwamba watoto wanaponyonya, mwili wa mama hujitengenezea homoni hiyo wenyewe, na kwamba mbwa aliyemaliza kuzaa vizuri, asiye na homa wala uchafu mbaya, haachi kitu tumboni kinachohitaji kusukumwa. Naiandika habari hii kwa sababu ni kipimo kizuri cha mtoa huduma: anayejua kuchunguza hana haja ya kudunga kila anapokuwa na shaka.

Kuhusu mahali pa kulala, ushauri wake ulikuwa wa mtu anayeijua Mombasa, wala haukuwa wa kunakiliwa kutoka katika kitabu cha nchi za baridi. Maandishi mengi kuhusu vilebu huhimiza taa ya kutia joto, kwa kuwa kilebu hawezi kulihifadhi joto la mwili wake katika wiki mbili za kwanza, na katika wiki ya kwanza anahitaji hewa ya takriban nyuzi 29 hadi 32. Hapa kwetu, msimu wa kaskazi, chumba chenyewe kinakaribia kiwango hicho bila taa yoyote, na anayeiwasha taa hiyo mwezi wa Februari humchoma mama, ambaye kwa kunyonyesha tayari mwili wake una joto jingi. Mama anayeteseka kwa joto huinuka na kuwaacha watoto, na watoto walioachwa hawanyonyi. Sisi tulikuwa tumeliweka sanduku katika stoo isiyo na dirisha, kwa kutaka utulivu. Daktari alishauri lihamishiwe kwenye kona ya baraza ya nyuma yenye kivuli na upepo, libaki na kuta tatu ndefu ili upepo usiwapige vilebu moja kwa moja, na chini liwekwe gazeti nene na juu yake kanga kuukuu zilizofuliwa, kwa sababu sakafu ya vigae humnyonya kilebu joto hata Mombasa, hasa ikiwa na unyevu. Upande mmoja wa baraza ulibaki vigae vitupu, ili Lulu apate pa kujipoza kwa hatua mbili tu kutoka kwa watoto wake. Kuanzia mchana ule aliacha kuhema kwa nguvu, na tofauti ilionekana wazi.

Vilebu walipimwa mwishoni. Kila mmoja alifungwa uzi wa rangi yake shingoni, ukiwa umelegezwa vya kutosha, na akawekwa katika bakuli juu ya mizani ya jikoni. Tulitakiwa kuwapima kila siku kwa saa ile ile na kuandika. Kilebu anayenyonya vizuri huwa amefikisha uzito maradufu ya ule aliozaliwa nao ifikapo siku ya 7 hadi ya 10, hivi kwamba aliyezaliwa na gramu 180 anatarajiwa kukaribia gramu 360. Anayesimama mahali pamoja kwa siku mbili mfululizo ana tatizo, na mara nyingi tatizo hilo liko kwa mama: maziwa hayatoshi, au chuchu mojawapo inauma na anamsukuma mtoto. Daktari alisisitiza pia kwamba maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, lazima yanyonywe ndani ya saa 24 za kwanza, kwa maana baada ya hapo utumbo wa kilebu hauwezi tena kuzipokea kinga za mama, na kwamba kinga hizo hutegemea mama mwenyewe alichanjwa au hakuchanjwa. Alitaka kuiona kadi ya chanjo ya Lulu kabla ya kusema lolote juu ya chanjo za watoto.

Katika ziara ya pili kazi kubwa ilikuwa chuchu. Alizipitia moja baada ya nyingine, zote kumi, akitumia mgongo wa mkono kulinganisha joto lao, kisha akakamua tone moja moja kwenye kiganja. Chuchu mbili za nyuma, ambazo kwa kawaida ndizo hujaa zaidi, zilikuwa ngumu kidogo kwa sababu vilebu walipendelea za mbele. Aliwahamishia huko wale wawili wenye nguvu zaidi, akaagiza kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara tatu kwa siku, na akatuonya kwamba chuchu ikiwa nyekundu au ya zambarau, ikiwa ya moto, au maziwa yakiwa na usaha au damu, hiyo si shughuli ya kitambaa bali ni ya dawa kutoka kwa daktari. Kisha akakata ncha za kucha za vilebu kwa mkasi mdogo wa kucha, kazi ambayo sikuwahi kuifikiria. Vilebu hukanda titi kwa miguu ya mbele wanaponyonya, na mikwaruzo yao ndiyo mlango wa vijidudu. Dada aliendelea kuzikata kila wiki, na chuchu za Lulu zilibaki safi hadi mwisho.

Kuhusu chakula sina budi kusema kwamba ushauri ulikuwa wa maana kwa mfuko wa kawaida. Mbwa anayenyonyesha watoto wengi huhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kile alichokuwa akila kabla ya mimba, wakati mwingine zaidi, na kilele chake ni wiki ya tatu na ya nne. Sima na mchuzi havitoshi. Daktari hakutulazimisha kununua magunia yaliyopangwa kwenye rafu za kliniki yake. Alisema kwamba chakula cha vilebu cha dukani ndicho rahisi kwa sababu kimekwisha kupimwa, lakini asiyekimudu anaweza kuchanganya wali au sima na dagaa, mayai ya kuchemsha na nyama, mara nne kwa siku kwa sehemu ndogo ndogo, bila mifupa ya kuku iliyopikwa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, na kwa hivyo humletea mama kalsiamu kwa njia ya kawaida.

Maji nayo aliyaonja. Nyumba nyingi za pwani hutegemea visima, na maji ya kisima chetu yana chumvi; Lulu alikuwa akiyalamba na kuyaacha. Tangu tulipoanza kumpa maji matamu ya mtungi, yaliyobadilishwa asubuhi na jioni, alikunywa karibu maradufu, na uzito wa vilebu ukaonyesha hivyo katika daftari. Katika ushauri wote tuliopewa, sijui mwingine uliogharimu kidogo namna hii na kuleta faida kubwa kiasi hiki.

Nitaje pia adabu ya watu wenyewe. Msaidizi wa daktari ni kijana Mwislamu wa Kisauni, na katika mji wetu, ambapo jirani wengi hujiweka mbali na mbwa kwa ajili ya twahara, yaani usafi wa kidini, nilitazamia asite. Alikuja na joho lake la kazi na glavu, akafanya kazi yake kwa upole na bila haraka, akajiosha na kubadilisha nguo kabla ya kuondoka ili awahi sala ya alasiri. Nilipomshukuru alisema kwamba kumsaidia kiumbe anayenyonyesha kuna thawabu. Jirani yetu, aliyekuwa akinung'unikia kelele za vilebu, alimsikiliza yeye kwa utulivu ambao sisi hatukuwahi kuupata kwake.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa ya huduma hii, ambayo iko katika ratiba yenyewe. Kati ya ziara ya pili na ya tatu pana pengo la wiki mbili, na pengo hilo limeangukia hasa pale ambapo mbwa mdogo mwenye watoto wengi huwa hatarini zaidi. Maziwa yanapokaribia kilele, mwili wa mama hutoa kalsiamu kwa wingi kuliko anavyoweza kuirudisha kutoka katika chakula na mifupa yake, na kiwango chake katika damu kikishuka sana, misuli huanza kutetemeka, kukakamaa, na hatimaye mbwa hupatwa na degedege. Hutokea mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuzaa. Kinachozidisha hatari ni kule kumpa mama unga au vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba kwa nia njema, kwa kuwa mwili uliozoea kuletewa kalsiamu husahau kuitoa kwenye mifupa unapoihitaji kwa ghafla. Daktari alituuliza swali hilo siku ya kwanza, na alifurahi kusikia kwamba hatukumpa.

Hata hivyo ilitokea. Katikati ya wiki ya tatu, mchana wa jua kali na stima zikiwa zimekatika, Lulu alianza kuhema. Katika mji huu mbwa kuhema mchana wa kaskazi si habari, na hapo ndipo ugumu ulipo: dalili ya kwanza ya ugonjwa huu hufanana kabisa na joto la kawaida. Dada ndiye aliyeona tofauti. Lulu alikuwa amelala kwenye vigae vya baridi, kivulini, na bado hakupoa. Alikuwa akijisugua uso kwa mguu wa mbele. Vilebu walipomfuata aliinuka, na miguu yake ya nyuma ilikuwa imekazana kama vijiti. Dada alimwekea kiganja ubavuni akahisi misuli ikirukaruka chini ya ngozi. Alinipigia simu kazini, nami nikampigia daktari.

Daktari alipokea papo hapo. Maneno yake yalikuwa machache: "Mama, watoeni watoto kwanza. Msimpe kitu chochote mdomoni akiwa anatetemeka. Mlazeni penye upepo, mlowesheni miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu. Nakuja." Alifika mapema kuliko nilivyotarajia, nami nikafika nikitokea mjini kupitia daraja la Nyali wakati amekwisha kupata mshipa. Joto la Lulu lilikuwa 40.6. Nilimkuta akimtia kalsiamu glukoneti mshipani kwa mwendo wa polepole mno, sindano mkono wa kulia, huku masikioni amevaa kifaa cha kusikilizia moyo ambacho msaidizi alikishikilia kifuani mwa mbwa. Kila mapigo yalipopungua alisimamisha mkono, akangoja, akaendelea. Alinieleza baadaye kwamba dawa hiyo ikiingia kwa pupa husimamisha moyo, na kwamba ndiyo sababu asiyesomea asithubutu kuijaribu nyumbani. Kabla sindano haijaisha, mtetemo ulianza kutulia masikioni, ukatulia mabegani, kisha mapajani, hadi mwili mzima ukalegea. Lulu alivuta pumzi moja ndefu na kukilaza kichwa kwenye goti la dada.

Vilebu walitengwa naye kwa siku nzima, wakalishwa maziwa ya unga maalumu ya vilebu. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai, kwa maana ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili, na sukari ya maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Kwa kuwa walikuwa wakubwa kiasi, daktari aliharakisha pia kuwaanzishia uji mwepesi wa chakula chao, ili mzigo wa mama upungue, na Lulu akaanza vidonge vya kalsiamu, ambavyo wakati huu vilikuwa na nafasi yake. Tulilipia sindano, dawa na ziara ya dharura kando. Sikuona kwamba tulizidishiwa.

Naisifu kazi ile kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo hiyo naisema kasoro yake bila kuficha. Kama daktari alijua siku ya kwanza, na alijua, kwamba Lulu ni mdogo na ana watoto sita, basi ziara moja ya katikati ya wiki ya pili, au angalau simu ya kuulizia hali kila baada ya siku mbili, ilipaswa kuwa sehemu ya bei. Nilimweleza hivyo, naye alikubali kwamba ratiba iliwekwa kwa kufuata ukuaji wa vilebu, si kwa kufuata hatari za mama. Tangu hapo, kliniki imeongeza simu hizo kwa mbwa wadogo. Kwa mbwa wakubwa walinzi, wa aina ya German Shepherd na machotara wake waliojaa Nyali na Kizingo, ugonjwa huu huwapata mara chache zaidi, na ratiba ya sasa yaweza kuwatosha.

Kasoro ya pili ni karatasi ya maelekezo. Ni karatasi nzuri, yenye dalili zote za hatari, lakini imeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Katika nyumba nyingi za Mombasa anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi, mlinzi au mtunza bustani, na lugha wanayoisoma kwa urahisi ni Kiswahili. Ilibidi tuikalie jioni moja tuitafsiri na kuibandika ukutani juu ya sanduku, na ninaamini kwamba karatasi ile iliyobandikwa ndiyo iliyompa dada ujasiri wa kunipigia simu badala ya kusubiri jioni. Kliniki inayojali mama wa mbwa ingewaandikia hao wanaomwona kila saa.

Ya tatu ni simu ya usiku. Wakati mmoja, saa tano za usiku, tulipiga kwa jambo ambalo halikuwa la hatari, kuhara kidogo kwa Lulu baada ya kubadilishiwa chakula, na nambari ya dharura iliita bila kupokelewa hadi alfajiri. Daktari aliomba radhi na kusema kwamba wako wawili tu. Naelewa, lakini nambari inayoitwa ya dharura isiyopokelewa ni afadhali isiwepo, ili mtu ajue tangu mapema kwamba atafute msaada kwingine.

Ziara ya tatu na ya nne zilikwenda kwa utulivu. Lulu alipewa dawa ya minyoo pamoja na watoto wake, kwa kuwa minyoo ya mviringo hupita kwa vilebu wangali tumboni na pia katika maziwa, na kuwatibu watoto huku mama akiachwa ni kazi bure. Dozi za vilebu huanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane. Safura ya mbwa, yaani minyoo mingine inayonyonya damu, ambayo hustawi katika mchanga wenye joto na unyevu kama wetu, nayo humpata kilebu kupitia maziwa na kummaliza damu. Kuhusu kupe, alikataa katakata ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo watu wengi hununua Kongowea kwa bei nafuu, kwa sababu masalio yake yakibaki kwenye chuchu huingia vinywani mwa watoto. Alitoa dawa inayoruhusiwa kwa mbwa anayenyonyesha, na akatufanya tuzibe nyufa za ukuta wa baraza ambamo kupe wa kahawia hutagia mayai.

Chanjo ya kwanza ya vilebu ilifanyika katika ziara ya mwisho, na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, watakapofikisha wiki 12, iliandikwa kwenye kadi ya kila mmoja kabla hajapewa mwenyewe mpya. Daktari alishikilia kwamba hakuna atakayeondoka kabla ya wiki ya nane.

Kwa mwenye mbwa mdogo, mwenye mbwa anayezaa kwa mara ya kwanza, au mwenye nyumba inayoshinda tupu mchana, naona huduma hii inastahili bei yake, mradi adai simu za wiki ya pili na ya tatu ziandikwe kwenye makubaliano. Mwenye mbwa mkubwa aliyekwisha kuzaa salama kabla, mwenye watoto wachache na mtu mwenye uzoefu nyumbani, anaweza kuomba ziara ya kwanza na ya tatu peke yake. Kliniki hukubali, kwa nusu ya bei. Vyovyote iwavyo, aulize nambari ya usajili ya daktari kwenye bodi ya madaktari wa mifugo, kwa kuwa sheria ya mwaka 2011 inawataka madaktari na wasaidizi wao wawe wamesajiliwa, na anayestahili hukuonyesha bila kukasirika. Huyu wetu aliichapisha kwenye kadi.

Lulu atafungwa uzazi maziwa yakishakauka kabisa. Gharama ya upasuaji huo haimo katika ziara nne, na ni vyema kuiulizia siku ya kwanza, kwa sababu kliniki huwapunguzia waliolipia ziara lakini haikukumbushi.